Tone la damu kwenye karatasi, na saa iliyoandikwa pembeni yake

Swali: Shikamoo daktari. Naishi Tukuyu, ni mama wa watoto wawili. Binti yangu mdogo ana miaka minne. Alizaliwa na maumbile yenye utata, wiki ya pili akalazwa kwa kutapika, ikaonekana ana ule ugonjwa wa tezi wa kurithi ambao kwenye daftari lake wanaandika CAH. Anatumia hidrokortisoni mara tatu kwa siku, saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku, na fludrokortisoni asubuhi. Kila baada ya miezi michache nampeleka Dar es Salaam kupimwa homoni. Mwezi wa tatu kipimo kilisoma 6, wakampunguzia dawa. Mwezi wa saba kikasoma 190, wakamwongezea. Nyumbani mimi sikuona tofauti. Mara ya kwanza tulilala kwa dada yangu Mbagala, nikampa dawa saa 12, damu ikatolewa saa 4. Mara ya pili tulishuka kwenye basi la usiku tukaenda moja kwa moja hospitali; dawa ilikuwa kwenye begi chini ya basi, hakunywa ya usiku wala ya asubuhi. Nimeambiwa nchi nyingine mzazi anamtoboa mtoto kidole nyumbani, anadondosha damu kwenye karatasi na kuituma. Ni kweli? Na hiyo karatasi si ndiyo ileile ya kliniki wanayopimia vichanga wa mama wenye VVU? Halafu nina mimba ya miezi sita, baba ni yuleyule. Huyu atapimwaje?

Jibu: Marahaba, mama, na pole kwa njia. Nitajibu yote, ila niruhusu nianzie mahali ambapo hukuuliza. Habari ya Mbagala na ya begi chini ya basi umeisimulia kama mtu anayeeleza uchovu wa safari. Mimi nimeisoma mara mbili, maana tofauti ya 6 na 190 naiona humo.

Homoni wanayompima inaitwa 17-hidroksiprojesteroni. Kwenye karatasi ya majibu utaona 17-OHP. Kuielewa si kazi ngumu kwa mtu wa Tukuyu, kwa sababu kiwanda cha chai unakijua. Majani yanaingia mabichi, yananyaushwa, yanasagwa, yanaachwa yachachuke, yanakaushwa. Chukulia mashine ya kusaga imekufa. Meneja ofisini haoni magunia yakitoka, anazidi kupiga simu mashambani: leteni majani, leteni majani. Magari yanaleta. Nyuma ya mashine mbovu linaota rundo, na vijana wa zamu wakishindwa pa kuliweka wanaanza kuyatoa majani kwa mlango wa pembeni.

Kiwanda hicho ni tezi za adrenali, zile mbili zinazokaa juu ya figo. Chai ni kortisoli. Mashine iliyokufa ni kimeng'enya kiitwacho 21-hidroksilesi, ambacho ndicho kilichoharibika kwa zaidi ya asilimia 90 ya watoto wenye CAH. Meneja ni tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Rundo ni hiyo 17-OHP. Kinachotoka kwa mlango wa pembeni ni homoni za kiume, na ndizo zilizobadili maumbile ya binti yako akiwa bado tumboni. Kwa watoto wengi wenye aina kali kiwanda hakitoi hata aldosteroni, ile inayozuia chumvi ya mwili isimalizikie kwenye mkojo. Kidonge chake cha fludrokortisoni kinafanya kazi hiyo.

Sasa tazama dawa inavyofanya. Hidrokortisoni ni kortisoli yenyewe iliyotengenezwa kiwandani. Mtoto akiimeza, meneja anaona magunia yapo ghalani, anaacha kupiga simu, na ndani ya saa chache rundo linapungua. Lakini dawa hii haikai mwilini muda mrefu. Baada ya saa sita hadi nane imekwisha, simu zinaanza upya, rundo linajaa. Alfajiri ndipo hujaa kuliko wakati wowote, kwa sababu amri ya ubongo ya kutengeneza kortisoli huwa na nguvu zaidi kabla hatujaamka. Ni hivyo kwa kila mtu, mgonjwa na mzima.

Kwa hiyo mwezi wa tatu damu ilitoka saa nne baada ya dozi: rundo limefagiliwa, ikaja 6. Mwezi wa saba damu ilitoka asubuhi kwa mtoto ambaye alikunywa dawa mara ya mwisho jana yake saa 8 mchana, amelala kwenye kiti, hajala vizuri. Ikaja 190. Namba hizo mbili zinaweza kabisa kutoka kwa mtoto mmoja, kwa dozi ileile, ndani ya wiki moja. Daktari wake simlaumu, alisoma alichoandikiwa. Ila kama kwenye fomu ya maabara hapakuandikwa saa ya damu na saa ya dozi ya mwisho, basi alisoma nusu ya jibu. Usibadilishe dozi kwa sababu ya maneno yangu. Mpigie, mweleze hizo safari mbili kama ulivyonieleza mimi, na umuulize swali moja: je, alipoongeza dawa alijua kwamba mtoto amekosa dozi mbili?

Nikija kwenye swali lako la kwanza: ni kweli, na si jambo geni. Karatasi ya kupimia damu kavu ilienea duniani kupitia Robert Guthrie, mwanasayansi wa Marekani, miaka ya mwanzo ya 1960, alipotafuta njia rahisi ya kugundua ugonjwa mwingine wa kurithi kwa vichanga. Mwaka 1977 Songya Pang na wenzake walionyesha kwamba hata 17-OHP inapimika kwenye tone lililokauka, na miaka michache baadaye wakapeleka kadi za karatasi hiyo Alaska, kwa jamii ya Wayupik, ambao mtoto 1 katika kila mia chache huzaliwa na ugonjwa huu. Kwingine duniani ni karibu mtoto 1 kati ya 15,000. Napenda kuikumbuka Alaska ninapokuwa huku Mbeya. Vijiji vya barafu, barabara hakuna, ndege ndogo inatua pale hali ya hewa inapokubali. Chupa ya damu isingefika salama. Karatasi ilifika.

Katika nchi ambako mzazi anafanya hivyo nyumbani, anachukua matone matatu kwa siku moja: kabla ya dozi ya asubuhi, kabla ya dozi ya mchana, kabla ya dozi ya usiku. Angalia hilo neno kabla. Hapo ndipo karatasi inapoishinda safari ya Dar. Hospitali inakupa picha moja ya mtoto aliyetikiswa na basi zaidi ya kilomita 800. Karatasi inakupa picha tatu za siku yake ya kawaida, akiwa amelala kitandani kwake na kula ndizi zake.

Tuseme tone la asubuhi liko juu, la mchana chini, la usiku chini. Hapo siku nzima iko sawa ila usiku ni mrefu kuliko dawa. Daktari anaweza kuangalia dozi ya usiku au saa yake, bila kuongeza jumla ya siku. Tuseme la mchana ndilo liko juu: ya asubuhi haifiki hadi mchana, au kuna siku inachelewa kwa sababu ya kukimbilia shule. Yakiwa yote matatu chini kabisa, kama ya mtoto asiye na ugonjwa, hapo mimi siwezi kufurahi. Ninashuku dawa imezidi.

Hili la mwisho wazazi wengi hulipokea kwa mashaka, kwa hiyo nalikazia. Kwa mtoto mwenye CAH hatutafuti 17-OHP ya mtu asiye na ugonjwa. Ukiilazimisha ishuke hadi hapo, umempa kortisoli nyingi kuliko mwili wake ungetengeneza wenyewe, na malipo yake ni kimo: mtoto anaacha kurefuka, uso unajaa, tumbo linatoka. Ukiiacha juu sana nako, zile homoni za mlango wa pembeni zinamrefusha haraka kuliko wenzake, watu wanasifia, kumbe mifupa inakomaa kabla ya wakati na atasimama mapema. Ndiyo maana kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakina damu. Ni kimo na uzito vilivyochorwa kwenye kadi yake kila miezi mitatu, ukutani pale pale, bila viatu, na picha ya eksirei ya kiganja cha kushoto kila mwaka au miaka miwili daktari akiona haja. Tone la damu linaeleza wiki hii. Kimo kinaeleza mwaka mzima.

Twende kwenye kutoboa kidole, maana nimeona kadi nyingi zikiharibika mahali padogo.

Toboa kwanza, dawa baadaye. Kama unasaga kidonge cha hidrokortisoni kwa kijiko na kukichanganya na maji, fanya hivyo ukishamaliza damu, na nawa mikono yako na ya mtoto kwa sabuni kabla hujaigusa kadi. Unga wa kile kidonge ni kortisoli, na maabara nyingi siku hizi hupima kortisoli pamoja na 17-OHP kwenye tone lilelile. Chembe isiyoonekana kwenye ncha ya kidole inatosha kuvuruga hesabu yao yote.

Juni na Julai, Tukuyu, saa 12 asubuhi, kidole cha mtoto wa miaka minne ni kama barafu. Ukikitoboa hivyo utaminya hadi alie, na damu ya kuminywa huja na majimaji ya nyama yanayoipunguza nguvu. Tumbukiza mkono kwenye maji ya uvuguvugu dakika tatu hadi tano, kisha ukaushe kabisa. Tumia kidole cha kati au cha pete, pembeni kidogo ya ncha, si katikati penye maumivu zaidi. Tone la kwanza futa kwa pamba kavu. La pili liache linenepe lenyewe, kisha ligusishe kwenye duara la kadi mara moja, karatasi italivuta. Geuza uangalie nyuma: kama damu imetokeza upande wa pili na duara limejaa, umefaulu. Usiongeze tone juu ya tone. Watu hufanya hivyo kwa nia njema, duara likionekana halijajaa, lakini mashine hukata kijiduara cha milimita 3.2 tu ndani ya doa, kinachobeba kama mikrolita 3 za damu, na hesabu yote inategemea kwamba kila kijiduara kina damu kiasi kilekile. Ukirudia tone juu ya lingine, kijiduara kinakuwa na damu ya matone mawili na jibu linapanda bila ugonjwa kupanda.

Kukausha ndiko kunakonipa wasiwasi zaidi kwa upande wenu. Rungwe ni katika sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini, na nguo ninyi mnajua zinavyokaa siku tatu kwenye kamba. Kadi iweke juu ya meza chumbani, upande wenye damu ukitokeza nje ya ukingo wa meza ili hewa ipite juu na chini, na upande usio na damu uubane kwa kitabu. Isikae juani, isikae karibu na jiko, isiwe jikoni kabisa kwa sababu ya moshi na mvuke. Maelekezo ya kawaida ni saa tatu hadi nne. Msimu wa mvua ningeiacha usiku kucha. Ikikauka, wekundu hugeuka rangi ya kahawa iliyokaangwa. Ukiifunga mbichi kwenye mfuko wa plastiki umeipikia ukungu. Ikishakauka iingie kwenye bahasha ya karatasi, kisha mfuko unaofungwa kwa mdomo, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyotolewa na kadi. Vifuko vya kwenye boksi la viatu usivitumie, vimeshashiba.

Halafu kuna saa. Hapa nitakiri kosa langu mwenyewe. Miaka ya nyuma nilimwelekeza mzazi mmoja wa huku nyanda za juu kuchukua matone matatu, akafanya kazi safi kuliko muuguzi yeyote. Pembeni ya kila duara aliandika kama tunavyosema: 12, 8, 4. Alfajiri, mchana, usiku. Kadi ikaenda maabara ya nje ya nchi. Kule 12 ni adhuhuri, 8 ni asubuhi, na 4 wakaifanya ya usiku wa manane. Wakayapanga upya kwa mfuatano wao, na tone la alfajiri, ambalo kwa haki yake lilikuwa juu, likajikuta limesimama katikati ya mchana. Ripoti ikaja na mchoro mzuri wa rangi na ushauri wa kuongeza dozi ya asubuhi. Nilikaa na ile ripoti jioni nzima nikiona haifanani na mtoto niliyemjua, hadi nilipoomba wanitumie picha ya kadi yenyewe. Mzazi hakukosea, wala maabara. Aliyekosea ni mimi niliyesema andika saa bila kusema saa ya nani. Kwa hiyo wewe andika 0600, 1400, 2200, jinsi simu yako inavyoonyesha ukiiweka kwenye mpangilio wa saa 24. Chini yake andika tarehe, dozi ya mwisho ilikuwa miligramu ngapi na alikunywa saa ngapi. Kama siku hiyo ana homa, anaharisha au ana malaria, usichukue tone kabisa. Siku ya ugonjwa ni ya kuongeza dawa mara mbili au tatu kama mlivyofundishwa, na kama anatapika, ni ya sindano na hospitali. Kipimo cha ufuatiliaji kingoje apone.

Majibu yakija, usiyalinganishe na yale ya Dar kwa macho tu. Maabara moja huandika kwa nanomoli kwa lita, nyingine kwa nanogramu kwa mililita, na nanogramu 1 ni sawa na nanomoli 3 hivi. Nimeona mzazi akisherehekea kushuka kutoka 90 hadi 30, kumbe kilichobadilika ni kipimio. Pia tone la karatasi ni damu nzima pamoja na chembe zake nyekundu, wakati hospitali hupima majimaji yaliyotenganishwa. Chagua njia moja na maabara moja, fuatana nazo.

Kuhusu karatasi ya kliniki: umeona sawasawa, mama. Zile kadi ambazo wauguzi wa kliniki ya mama na mtoto wanaziita DBS, wanazotobolea kisigino cha kichanga akiwa na wiki sita, ni karatasi ya aina ileile. Mkoani Mbeya, Iringa na Njombe, ambako VVU vimetutesa, hakuna muuguzi wa kliniki asiyejua kujaza duara. Ila mashine zinazosubiri kadi hizo zinatafuta vinasaba vya kirusi, hazipimi homoni. Ukimpa muuguzi tone la binti yako kwenye kadi hiyo bila mpango, litafika maabara isiyo na la kulifanyia. Kadi ya 17-OHP lazima ielekezwe kwenye maabara ambayo imethibitisha kipimo hicho kwenye damu kavu, na mpango huo aufanye daktari wa homoni anayemtibu, kabla hujanunua hata lanseti, ile sindano ndogo ya kutobolea. Unachoweza kukitumia kuanzia leo ni mikono ya yule muuguzi. Mwombe akufundishe kutoboa, hata kwa kidole chako.

Sasa mimba. Wewe na baba yake kila mmoja amebeba jeni moja iliyoharibika bila kuugua, na kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupokea zote mbili. Binti yako hajamaliza zamu ya nduguze. Hesabu inaanza upya kila mara. Kuna watakaokuambia kuhusu dawa ya deksamethasoni inayotolewa kwa mama mjamzito ili maumbile ya mtoto wa kike yasibadilike tumboni. Hiyo ilipaswa kuanza wiki za mwanzo kabisa, na mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2018 bado unaihesabu kuwa ya majaribio, kwa hiyo tuiache.

Zipo nchi zinazopima kila kichanga kwa tone la kisigino. Majimbo yote ya Marekani yanafanya hivyo, Uswidi tangu 1986. Sisi hatuna mpango huo wa kitaifa kwa ugonjwa huu, na hata Uingereza yenye fedha imekaa miaka mingi bila kuuweka kwenye kipimo chake cha kisigino. Sababu moja ni kwamba tone la kichanga hupiga kelele za uongo. Siku ya kwanza ya maisha 17-OHP iko juu kwa kila mtoto, ndiyo maana husubiriwa hadi siku ya pili au ya tatu. Kwa mtoto njiti iko juu hata bila CAH, kadhalika kwa kichanga aliyezaliwa kwa shida. Uswidi, baada ya kupima vichanga zaidi ya milioni 2.7, waliona kwamba kati ya waliotimiza miezi na wakaitwa tena, karibu robo tu ndio waliokuwa na ugonjwa. Kwa njiti, walikuwa 1 au 2 katika kila 100. Siku hizi wenye uwezo hupitisha tone hilohilo kwenye mashine inayotenganisha homoni moja moja kwa uzito wa molekuli zake, na hupima pia 21-deoksikortisoli, ambayo njiti mzima haipandishi.

Lakini hesabu hiyo ni ya umma, ambako ni mtoto 1 kati ya 15,000. Kwako ni 1 kati ya 4. Jibu la juu ambalo kwa jirani yako ningesema turudie wiki ijayo, kwako ningelichukua kama kengele siku hiyohiyo.

Kwa hiyo usijifungulie zahanati. Panga kujifungulia hospitali yenye daktari wa watoto na maabara inayopima sodiamu, potasiamu na sukari. Kwa upande wenu hiyo ni Mbeya mjini, kilomita 70 hivi, na ningependa uhamie kwa ndugu wiki mbili kabla. Akiwa wa kike mwenye ugonjwa, maumbile yatasema. Ninayemwogopea ni wa kiume. Anazaliwa mzuri, hana alama labda weusi kidogo wa korodani na chuchu, ambao kwa watoto wetu nani atauona? Mnaruhusiwa, mnapongezwa. Chumvi yake siku za mwanzo huwa sawa, hata kipimo cha siku ya pili kinaweza kukudanganya. Wiki ya pili au ya tatu ananyonya kwa uvivu, anatapika, uzito unarudi nyuma, analegea, sukari ikishuka anashtuka mwili, na watu wazima wa nyumbani wanasema degedege. Katika ukoo ambao vichanga wa kiume wawili watatu walikufa hivyo, mimi huuliza maswali yangu taratibu.

Ratiba ambayo ningempendekezea daktari wako ni hii: 17-OHP siku ya tatu hivi, kwa damu ya mshipa au kwa kadi kama mpango upo. Kisha sodiamu na potasiamu kuanzia mwisho wa wiki ya kwanza, zirudiwe hadi wiki ya tatu ipite au jibu la homoni lirudi safi. Uzito kila siku mbili, kwenye mzani uleule. Na mzani ukishuka huku anatapika, hakuna kungoja jibu la karatasi hata kama limeahidiwa kesho. Dripu ya chumvi na glukosi na sindano ya hidrokortisoni hutolewa hapohapo.

Hapo ndipo ninapolitetea tone kuliko mahali pengine popote. Nililetewa mara moja mvulana wa siku 18 ambaye alikuwa ameshaokolewa mahali pengine: dripu, steroidi (dawa za kundi la hidrokortisoni), anapumua vizuri, ananyonya. Walifanya kazi ya kusifiwa. Ila damu ya kabla ya sindano haikuwepo, kwa sababu mishipa ilikuwa imelala na hakuna aliyetaka kupoteza dakika kumi akitafuta mshipa wa pili. Baada ya siku kadhaa za dawa rundo lilikuwa limefagiliwa, na tulihangaika miezi kujua kama ni CAH au kitu kingine. Kutoboa kisigino pembeni na kujaza maduara mawili hakuhitaji mshipa na hakuchukui dakika mbili. Mtoto anapata sindano yake, kadi inakauka mezani na ushahidi wa hali aliyokuwa nayo kabla ya kutibiwa. Itasafiri ikipata safari. Kama kadi haipo, hata nusu mililita ya damu iliyopatikana wakati wa kuweka dripu itunzwe kwa ajili hiyo. Na kama havikupatikana vyote, sindano itangulie.

Mwombe muuguzi wa kliniki ya ujauzito aandike kwa kalamu nyekundu ukurasa wa kwanza wa kadi yako: mtoto aliyetangulia ana CAH, kichanga apimwe elektrolaiti (sodiamu na potasiamu), damu ya homoni ichukuliwe kabla ya steroidi. Zamu zikibadilika usiku, wewe unaweza kuwa hoi kitandani, kadi itasema.

Na safari ijayo ya Dar, kama bado itakuwepo, dawa ikae kwenye pochi yako kifuani pamoja na chupa ya maji. Basi likiondoka Mbeya saa 12 jioni, dozi ya saa 4 usiku itawakuta maeneo ya Mafinga. Weka kengele ya simu, mwamshe anywe. Asubuhi hospitali waombe watoe damu kabla hajanywa ya saa 12, kisha anywe palepale kwenye benchi, na fomu iandikwe yote mawili.